Kabla hujatuma hela ya dawa inayotibu magonjwa yote, fanya hivi

Kila baada ya muda inaibuka dawa mpya huku kwetu Mbeya. Ukipita Mwanjelwa unasikia spika inatangaza chupa moja inatibu kisukari, presha, malaria, kansa na nguvu za kiume, au jioni mtu anarusha voisi kwenye grupu la ukoo kwamba kuna mzee kaoteshwa mti huko milimani, na mama mdogo mwenye sukari ashaanza kuulizia nauli. Hela yenyewe ni ya viazi alivyolima kwa jembe, inauma, ila kinachoniuma zaidi ni watu kuacha vidonge.

Anza na orodha ya magonjwa. Malaria ni vimelea, presha ni msukumo wa damu, kansa ni seli zinazokua hovyo. Anayesema kitu kimoja kinamaliza yote hayo ndo mwenye kazi ya kuonyesha, sio wewe wa kumpinga.

Halafu ushuhuda, na hapa ndo wengi tunanasa. Ukiambiwa fulani alikunywa akapona, uliza asingekunywa ingekuwaje? Magoti na mgongo kwenye baridi ya Juni na Julai maumivu yanapanda yanashuka yenyewe, na mtu anakimbilia dawa siku yamefika juu kabisa, kwa hiyo hata ukimpa maji ya bomba kuna uwezekano mkubwa wiki ijayo ana nafuu na sifa zote zinaenda kwenye chupa. Uliza pia waliokunywa wasipone wako wapi, maana wale hawarekodi voisi.

Uliza alipimwa wapi kabla na alipimwa wapi baada. Kujisikia vizuri sio kipimo, presha mara nyingi haiumi kabisa. Na mtu anayemeza ARV, zile dawa za VVU, vizuri virusi vinaweza kushuka mpaka mashine isivione, akinywa kikombe cha dawa ya miti mwezi huohuo ataapa ni kikombe.

Mnakumbuka Loliondo 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila pale Samunge, kikombe shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, mpaka huku Mbeya vikombe vikaibuka. Wapo walioacha ARV wakafa. Bei ilikuwa 500 tu, kwa hiyo msidhani dawa isiyotibu lazima iuzwe na tapeli, mtu anaweza kuamini kwa moyo wote anachosema na bado kisiwe kweli.

Sisemi miti haina dawa jamani. ALu, ile mseto ya malaria, moja ya dawa mbili zilizomo imetokana na mmea wa tiba asili ya China. Mama mmoja mwanasayansi, Tu Youyou, na wenzake waliuchambua miaka ya 1970, wakajaribu kwa wanyama kisha kwa wagonjwa, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Hata hapa mjini NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanashiriki majaribio ya dawa za TB, wagonjwa wanagawanywa makundi, huyu dawa hii yule ile, ndo wanalinganisha. Huyo mzee wa milimani muulizeni nani kalinganisha.

Sasa mama mdogo usimkaripie mbele za watu, atajificha tu. Msalimie, kaa naye, mwambie mama sikukatazi, ila twende zahanati tupime sukari leo, tuandike kwenye daftari, vidonge usiache hata siku moja, na daktari tumwambie unachokunywa maana baadhi ya mitishamba inagongana na dawa. Baada ya wiki mbili pimeni tena mwangalie namba pamoja.

Muulizeni mganga kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ingawa usajili peke yake hauthibitishi kwamba dawa inaponya. Na akianza kutaja jirani au bibi fulani kwamba ndo kamloga, ondokeni hapohapo mkatoe taarifa kwa mtendaji au polisi, hiyo ni ramli, serikali iliipiga marufuku Januari 2015 kwa sababu watu walikuwa wanauawa.