Kuweka sawa darubini ya raifo kabla ya kushuka porini

Msimu ukikaribia, Iringa nzima utasikia lawama moja: "Darubini imeharibika." Mara nyingi haijaharibika. Skrubu zimelegea, au mwenye bunduki amebadili risasi, au amelenga akiwa ameegemea boneti ya gari. Mwongozo huu ni wa mwenye raifo yenye leseni, na umeandikwa na mtu anayefanya kazi hii kila mwaka kabla ya wageni wa uwindaji kufika.

Hatua ya 1: Karatasi na mahali

Leseni ya silaha uwe nayo mkononi, na upige kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, si shambani kwa shemeji. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo. Kichwa cha risasi ya .30-06 (saizi ya risasi ya kuwindia) kikikosa tuta kinaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na huku kwetu kilomita 3 ni kijiji kingine. Nenda asubuhi. Kama unapigia upande wa Makambako, ikifika saa nne upepo umeshaanza vurugu zake na hutajua kosa ni la nani.

Hatua ya 2: Skrubu

Hapa usiharakishe. Toa risasi zote, fungua bolti (kile chuma cha kufungia nyuma ya mtutu), chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Shika darubini kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, ujaribu kuizungusha taratibu. Ikicheza hata kidogo, fungua pete zote zinazoishika. Futa mafuta kwenye matundu ya skrubu kwa kitambaa kikavu, maana skrubu iliyolowa mafuta hujilegeza yenyewe bunduki inapopiga teke. Kaza kwa kupokezana, huku kidogo, kule kidogo, ili nafasi kati ya nusu mbili za pete ilingane pande zote. Fuata kipimo cha aliyetengeneza pete. Ukikaza kwa hasira utaliminya bomba la darubini. Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Hiyo rangi ya dukani inatosha kabisa, wala huhitaji kifaa cha bei mbaya.

Hatua ya 3: Mita 25 kwanza

Chomoa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, uangalie shabaha kupitia ndani ya mtutu. Bila kuisogeza bunduki, zungusha vifundo vya darubini hadi msalaba unaouona ndani ya darubini uangukie palepale. Rudisha bolti, piga risasi moja. Ikiwa karibu na katikati, hamia mita 100. Usimalize risasi kutafuta ukamilifu hapa.

Hatua ya 4: Mita 100

Mfuko wa mbele ukae chini ya mbao ya mbele, kamwe usiuweke chini ya mtutu wenyewe. Mtutu ukigusa kitu, risasi hubadili njia. Mfuko mwingine uwe chini ya kitako, uufinye kwa mkono wa kushoto kupandisha na kushusha msalaba. Vaa vizuia sauti masikioni, pumua, vuta triga polepole.

Piga tatu, kisha acha mtutu upoe. Ukishindwa kuushika kwa kiganja bila kukunja uso, bado ni wa moto. Usirekebishe kwa kufuata risasi moja. Tafuta katikati ya matundu matatu, pima umbali kwa rula.

Tuseme katikati hiyo iko sentimita 6 kushoto na 9 chini. Vifundo huhesabiwa kwa kliki, yaani kila mlio mmoja vinapozungushwa, na milradiani na dakika ni vipimo vya pembe. Darubini ya milradiani, yenye kliki ya 0.1, husogeza sentimita 1 kwa kliki moja katika mita 100, hivyo kliki 6 kulia, 9 juu. Ile ya robo dakika ya pembe husogeza milimita 7 na ushee, hivyo kliki 8 kulia na 12 juu. Piga tatu nyingine kuthibitisha.

Risasi ziwe za aina moja, uzito mmoja, na ikiwezekana namba moja ya toleo kwenye boksi. Wenzetu wa Marekani hujijazia baruti wenyewe nyumbani ili kila risasi ifanane na mwenzake. Sisi tunanunua zilizojazwa kiwandani, kwa hiyo nunua maboksi ya kutosha kwa pamoja. Ukitoka gramu 11.7 ukaenda 9.7, umeanza upya.

Hatua ya 5: Kushuka bondeni

Watu hubishana sana kuhusu hewa. Ni kweli hewa nyepesi humpunguzia kasi kichwa cha risasi kidogo kuliko hewa nzito, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari wakati bonde la Ruaha Mkuu liko chini ya 1,000. Ila joto nalo hufanya hewa iwe nyepesi. Hewa ya Iringa asubuhi ya nyuzi 15 na ya bondeni mchana wa nyuzi 35 zinakaribiana uzito. Kwa mwindaji anayepiga ndani ya mita 200, hesabu hiyo haina kazi. Kinachokuangusha ni boksi la risasi lililoachwa juu ya dashibodi kwenye jua: baruti ya moto huongeza kasi na shinikizo. Liweke kwenye kivuli.

Na barabara ya vumbi, hiyo ndiyo adui, maana mtikisiko wake hulegeza skrubu. Ukifika kambini, kabla ya mgeni kugusa bunduki, piga risasi moja mita 100 mtutu ukiwa baridi, mahali ambapo msimamizi wa pori ameruhusu. Ikitofautiana kwa sentimita 2 au 3, acha vifundo vilivyo. Ikizidi hapo, usiguse kifundo chochote hadi uangalie mistari ya rangi ya kucha.