Ukimsindikiza mkimbizi hospitalini kupigwa picha ya dharura ya ndani ya mwili

Mimi ni mkalimani wa Kisomali hapa Eastleigh, Nairobi, na simu za saa nane usiku nimezizoea. Mtu ameanguka, kichwa kimevimba, anatapika: usingoje kadi ya ukimbizi itafutwe. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu, si raia. Karani aking'ang'ania kitambulisho, itaje ibara hiyo kwa upole, kisha uombe daktari wa zamu.

Kabla ya picha, uliza yale ambayo mgonjwa hatayasema mbele za watu. Je, ana kipande cha risasi au bomu mwilini? Kwenye eksirei au siti skani (eksirei ya kompyuta) hakimdhuru, lakini MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kali, inaweza kukisogeza. Mwanamke aulizwe kama ana mimba, mume akiwa nje. Na mtoto asitumwe kutafsiri swali hilo, jamani. Akidungwa dawa ya kung'arisha picha, taja mapema figo, kisukari na mzio. Hirizi ya chuma ivuliwe, jamaa yake aishike mlangoni.

Mkiondoka, ombeni picha kwenye CD pamoja na ripoti, asije akapigwa upya hospitali nyingine.