Mpini wa mbao wa rivolva ya zamani: namna ya kumjua aliyeuchonga

Wakuu, mipini ya mbao ya rivolva za zamani za Kimarekani ina soko lake, na wanunuzi wengi wanapigwa palepale, wanaangalia umbo la nje, wanasema huu ni wa fulani, wanatoa hela. Umbo halina mwenyewe, kila mtu aliiga. Chukua Jordan Trooper, ule mpini mnene unaojaa mkononi: aliyeubuni ni Bill Jordan, askari wa doria ya mpakani kule Marekani, ila waliokuwa wanauchonga na kuuuza ni Herrett's wa Twin Falls, Idaho, halafu wengine nao wakachonga wa kufanana. Au wa Skeeter Skelton, huyo alikuwa mwandishi wa mambo ya bunduki, mpini wenye jina lake unaweza kuwa umetoka kwa Deacon Deason, fundi wa mipini ya Bear Hug. Kwa hiyo ukisikia jina uliza kwanza, ni la mbunifu au la fundi?

Jibu mara nyingi liko ndani, upande unaogusa chuma. Kama mpini bado uko kwenye rivolva, fungua silinda (lile duara linaloshika risasi) uhakikishe hakuna risasi hata moja, usimwamini mtu aliyekwambia iko tupu. Tafuta bisibisi inayojaa kabisa kwenye mfereji wa skrubu, nyembamba itateleza ikwaruze mbao na thamani ishashuka hapo. Legeza skrubu nusu tu, usiitoe yote, halafu sukuma kichwa chake taratibu kwa kidole gumba, kile kipande cha upande wa pili kitaachia chenyewe (mipini mingi ni vipande viwili). Usichokonoe pembeni kwa kisu. Zile kona nyembamba za juu karibu na fremu, yaani mwili wa chuma wa rivolva, zinavunjika kirahisi mno, na mpini uliovunjika kona hauna bei tena.

Sasa washa tochi, iweke chini kabisa pembeni ili mwanga uwe unateleza juu ya mbao, usimulike moja kwa moja. Mhuri uliofifia, penseli, wino, namba iliyokwanguliwa, vyote vinajitokeza kwa kivuli. Kearsarge, watengenezaji wa mipini wa Warner, New Hampshire, mara nyingi waligonga mhuri wao huko ndani, hapo huna kazi. Mhuri ukigoma kusomeka weka karatasi nyepesi juu upake penseli kidogokidogo. Ila msisafishe! Hakuna spiriti, hakuna msasa, mtu anafuta uchafu wa miaka 70 na jina la fundi linaondoka nao.

Ukikuta namba tu, tulia. Smith & Wesson, kampuni ya kutengeneza rivolva, walikuwa wanaweka namba ya bastola nyuma ya kipande cha kulia, kwa penseli au kwa kugonga, so namba ikilingana na ya kwenye fremu basi huo ni mpini wa kiwandani wala sio wa fundi binafsi, hata uwe mzuri vipi. Na ile medali ndogo ya kampuni isikudanganye, inang'oka na inapandikizwa kwenye mpini wowote, nimeona nyingi zimekaa upande upande kidogo na gundi inaonekana.

Kama hakuna maandishi kabisa (na ya Roper mingi iko hivyo) inabidi ubanane na kazi ya mikono. Walter Roper mwenyewe alikuwa injinia aliyebuni na kuuza mipini, amewahi kufanya kazi Smith & Wesson, na mchongaji wake anayetajwa sana ni Matt Gagnon. Angalia vile vialmasi vilivyokatwa kwenye mbao: mistari mingapi kwenye inchi moja, inasimama wapi, mpaka wake ni mstari mmoja au miwili, fundi alipitiliza mahali au alikuwa makini. Hiyo ni kama mwandiko, mtu haubadilishi hovyo. Geuza ndani, je ulichimbwa kwa patasi au kwa mashine, tundu la pini ya chini liko wapi, vile vikombe vya shaba vinavyokaa skrubu vina umbo gani. Piga picha za hivyo vyote halafu linganisha na mpini ambao jina lake lina uhakika, ndani kwa ndani, sio nje kwa nje. Kinachofanana kikiwa kimoja mimi sisemi kitu, vikifika vitatu vinne ndo naanza kutaja jina.

Fremu nayo inatoa ushahidi wa miaka, watu wanaisahau. Fremu ndogo ya J ya Smith & Wesson ilianza 1950, kwa hiyo mpini uliochongwa kwa ajili yake ukiambiwa ni wa kabla ya Vita Kuu ya Pili cheka tu. Colt Python, rivolva ya kampuni ya Colt, ni ya 1955, ila mpini wake unaingia na kwenye Colt nyingine za zamani zaidi, hapo ushahidi unakuwa dhaifu. Mpini wa kipande kimoja unaopanda kutoka chini na skrubu moja kwenye kitako, fikiria Hogue, kampuni iliyoanzishwa na Guy Hogue, polisi wa Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 60. Na kile kibonde upande wa kushoto cha kupisha kifaa cha kujazia risasi kwa haraka, angalia rangi yake, kikiwa cheupe kuliko mbao nyingine ujue mwenye bastola alikata mwenyewe baadaye.

Aina ya mbao haitakupa jina, walnati na rozwudi kila mtu alitumia, hata mpingo wetu wa kule Kilwa umeishia kwenye mipini ya bei mbaya. Inasaidia tu kukamata plastiki: mishipa ya mbao ya kweli inatokea mpaka nyuma, ya plastiki inaishia usoni. Ila mpingo na rozwudi za jamii yake ziko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini; 2017 orodha ilipanuliwa, 2019 masharti yakalegezwa kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, so ukinunua nje uliza kwanza kama vibali vinahitajika kabla haijasafirishwa.

Muuzaji akikataa kutuma picha ya ndani, lipa bei ya mpini usio na jina au achana nao. Na wewe ukiuuza bila uhakika andika "mtindo wa Roper", picha za ndani ziweke zote, tena zile za tochi.