Jinsi ya kuwaenzi wanawake waliojenga galari za Nairobi

Mimi ni fundi wa fremu, si msomi wa sanaa. Picha huletwa kwangu, nami huigeuza kwanza: nang'oa misumari iliyoshika kutu, natoa ubao wa nyuma, na mara nyingi nakuta kibandiko cha galari iliyokwisha kufungwa. Kwa hiyo ukitaka kuwaenzi akina mama wale, mchonga ngao na muuza maua wasubiri kwanza.

Chagua mmoja. Ukiwakusanya wote siku moja, kila mtu atapewa aya mbili na makofi. Tuseme ni Ruth Schaffner wa Gallery Watatu. Galari hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, wawili wa kwanza wakiwa wanawake. Schaffner aliichukua katikati ya miaka ya 1980 akaiendesha hadi alipofariki mwaka 1996. Kuta zake za Standard Street ziliwapokea Sane Wadu, Wanyu Brush, Kivuthi Mbuno na Jak Katarikawe, watu ambao kazi zao leo zinagombewa mnadani.

Kisha watafute wenye picha, uombe ruhusa ya kuona mgongo wa kila moja. Kibandiko usikibandue hata kama kimelegea. Kipige picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, maana alama za kalamu iliyokandamizwa hujitokeza hivyo. Nakili kila kitu kilivyo: jina la kazi, bei, mwandiko, muhuri, hata hesabu ya penseli pembeni. Jina likitofautiana na lile la katalogi ya sasa, andika yote mawili. Na ukimpa fundi kazi ya kubadilisha fremu, mwambie mapema asitupe ubao wa zamani. Wenzangu wengi huutupa, eti ni uchafu. Kama lazima utoke, kata kipande chenye kibandiko, kiweke kwenye bahasha isiyo na asidi, kikae na picha yake. Kwenye maonyesho yenyewe, tundika picha moja ikiwa imegeuzwa, watu wasome.

Wasanii wenyewe usiwaulize tu kama mama yule alikuwa mkarimu. Uliza habari za pesa. Galari ilikata kiasi gani? Ulilipwa picha ilipouzwa au baada ya kuzungushwa? Rangi alinunua nani? Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha alichofanya hasa. Na usifiche manung'uniko: wapo waliosema Watatu iliwapendelea wasanii waliojifunza wenyewe, na kwamba jicho lake lilikuwa kwa wanunuzi wa kigeni. Liandike hilo ukutani pia. Sifa tupu tuziachie matanga.

Karatasi zote, yaani mialiko, orodha za bei, risiti na barua, zipige skani siku hiyohiyo. Galari ya Paa ya Paa hapa Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965 na kulelewa kwa miaka mingi na Phillda Njau pamoja na mumewe Elimo, iliungua mwaka 1997. Kwa hiyo nakala zisikae nyumba moja. Familia ipate yake, wewe ubaki na yako, na nyingine uiulizie nafasi kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue.

Walio hai wasingoje tanzia. Carol Lees yuko na galari yake ya One Off tangu mwaka 1994, na kabla ya watu wengi kuamini kwamba Nairobi inaweza kuwa na jumba la sanaa ya kisasa, yeye na Mary Collis walikwisha kuanzisha moja, RaMoMA. Watu kama hao wapelekee kinasa sauti, si kadi ya pongezi.

Hafla yenyewe haina mengi. Hotuba mbili zinatosha, na ya mdhamini iwe ya mwisho. Ila nauli ya wasanii wanaotoka Ngecha na Banana, nje ya jiji, iingie kwenye bajeti kabla ya divai, na wapewe mkononi wakifika, wasiambiwe wasubiri Jumatatu.