Kuzalisha farasi kibiashara hapa Dar, anza na majike wawili tu

Habari zenu wakuu, wengi mmeniuliza inbox, mimi nafuga Kigamboni mwaka wa 6 sasa, nawapa nilivyofanya.

Hatua ya 1 ni hesabu. Jike anabeba miezi 11, anazaa mtoto mmoja, unamwachisha ziwa kwenye miezi 4 mpaka 6, na mpaka aanze kupandwa na watu ana miaka 3 hivi, sasa ukitegemea kuuza watoto peke yake unafilisika mapema. Majike wangu wanajilisha wenyewe, wikiendi watu wanapanda ufukweni, maharusi wanakodi kupiga picha, samadi wanabeba wa bustani. Dume usinunue, lipia kupandishiwa, joto la kutaka dume linajirudia kila siku 21 hivi.

2. Msosi. Farasi wa kilo 400 anataka hei, yale majani yaliyokaushwa, kilo 8 mpaka 10 kwa siku na maji lita 30 kwenda juu. Hei yenye ukungu tupa, farasi hawezi kutapika, tumbo likimshika ni hatari.

3. Hapa msome taratibu, USUBI. Ni vidudu vidogo kuliko mbu, vinatoka jioni na alfajiri, ndo vinaeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Masika moja nilichelewa kumwingiza jike bandani, wiki haijaisha kale kashimo juu ya jicho kamevimba, povu jeupe linatoka puani, asubuhi amekufa na mimba ya miezi 8. Niliumia sana. Sasa saa 11 jioni wote ndani, neti ya matundu madogo kabisa, na chanjo kila mwaka kabla ya mvua.

MASWALI

Kaka akizaa usiku ntajuaje mtoto yuko poa?
– Ukiona chuchu zimeweka kama nta lala bandani dada yangu. Ndani ya lisaa limoja mtoto awe kasimama, mawili awe ananyonya, matatu kondo liwe limetoka, likichelewa piga simu kwa daktari usilivute. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza, aipate mapema sana, ndo kinga yake.

Mkuu mtaji?
– Kabla hujanunua mnyama, hela ya hei ya miezi 6 iwe pembeni, usiiguse.

Nina eka 1 Chanika itatosha?
– Kwa majike 2 inatosha kama hei unanunua. Ila kama kuna tope linalokaa hapo jirani tafuta pengine, usubi unazaliana humo humo.