Kuchekesha kwa mtindo wa chapa za kale za mbao

Ukitaka kuchora picha ya kuchekesha kwa mtindo wa chapa za kale za mbao, yaani picha zilizochapwa kwa ubao uliochongwa na kupakwa wino, anza kwa kumtazama kwa makini kifaru wa mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1515, ambaye msanii huyo alimchora bila kumwona mnyama mwenyewe, akitegemea maelezo na mchoro uliotoka Lisbon. Ngozi yake inafanana na deraya iliyoungwa bamba kwa bamba, miguu ina magamba, na juu ya mabega imeota pembe ndogo iliyosokotwa ambayo hakuna kifaru aliyewahi kuwa nayo. Kinachonivutia mno ni kwamba kosa hilo limechongwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwenye masikio na kucha, na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa.

Kwa hiyo, ukitaka kuchekesha kwa kumvisha kifaru wako helmeti, itie kivuli kwa uangalifu uleule, kwa mistari myembamba iliyobanana penye giza na kuachana penye mwanga, wala usitumie rangi ya kijivu hata kidogo. Maneno ya kwenye picha yachonge kinyumenyume, maana chapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Yasome kwanza kwenye kioo kabla hujagusa ubao kwa patasi.