Kuunda kiboksi cha wadudu chenye sura ya kiganga, kuanzia usiku wa taa mpaka kwenye kioo

Kiboksi chenyewe ni pambo la nyumbani, wadudu waliokufa na kukaushwa wanapangwa nyuma ya kioo. Usianze kununua kitu, anza na taa ya barazani. Mi niko Tanga na kila mvua ikinyesha usiku, asubuhi nikishika fagio chini ya taa naokota nondo, mbawakawa, nyenje na mabawa ya kumbikumbi kibao. Malighafi ndo hiyo, imekufa yenyewe. Usiende kuokotea hifadhini kule Amani, na manyoya ya ndege wa porini, gamba la kasa au jino la mnyama yeyote wa mwituni usiguse, hizo ni nyara za serikali na kesi yake haina utani. Matumbawe nayo yaache baharini.

Kwanza friza. Mdudu wa kuokota mara nyingi ana wageni ndani, vijidudu na mayai, kwa hiyo mfunge kwenye mfuko vizuri akae wiki mbili kwenye friza, na mfuko uuandike SI CHAKULA kwa maka peni, msinisimulie baadae.

Aliyekauka ukimvuta mguu unabaki nao mkononi, inabidi alainike kwanza. Chukua kopo la mfuniko, weka tishu yenye maji chini, mdudu akae juu ya kizibo cha soda asilowe, dondoshea Dettol tone moja ukungu usiingie, funga. Kipepeo siku moja inatosha, mbawakawa mkubwa mbili au tatu.

Ubao wa kutandazia mabawa wala usihangaike, ndala kuukuu inatosha kabisa, ichonge mfereji katikati ambao mwili utalala. Kipepeo pini inapita katikati ya kifua, mbawakawa unamchoma kwenye gamba la bawa la kulia, sio pale katikati kwenye mshono. Mabawa ya kipepeo hayatobolewi, unayalaza kwa vipande vya karatasi laini af pini unazichoma pembeni ya bawa, unapandisha bawa la mbele polepole mpaka ukingo wake wa chini ukae mraba na mwili, pande zote mbili mstari mmoja. Na usishike kwa vidole, ule unga unaobaki mkononi ndo rangi yenyewe, ukitoka haurudi. Pini za kushonea zinapata kutu hasa huku pwani, tafuta zisizoshika kutu.

Sasa sisimizi. Nondo wangu wa kwanza mzuri, mkubwa kama kiganja, nilimwacha mezani usiku, asubuhi nikakuta pini na mabawa manne yametulia kwenye karatasi, mwili hakuna. Tangu siku hiyo miguu ya meza inakaa kwenye makopo ya maji. Akauke wiki moja au mbili, masika zaidi, na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu usitupe, vinanyonya unyevu.

Haya, ule uganga wenyewe. Nyuma natandika kaniki, hakuna cheusi kinachoishinda. Napanga komwe za bao, vipande vya ubani, ganda la konokono wa bustanini, na fuvu la mbuzi ambaye supu yake tumeshakunywa, limechemshwa nyama yote ikatoka af likalowekwa kwenye haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa siku moja hivi (jiki hapana, inakula mfupa). Kama huna boksi la kioo, kioo cha taa ya chemli ukikisimamisha juu ya kibao na kukiziba juu kinapendeza kuliko vya dukani, mbawakawa mmoja ndani anatosha.

Ila tunguri na hirizi mi siweki. Ulaya na Marekani hii ni staili ya sebule tu, huku kwetu kuna vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, kwa hiyo kama unakaa na bibi yako uswahilini kiboksi hiki kiweke chumbani kwako, sio dirishani kwenye njia. Majirani watoto waite waje waone, waguse komwe, maneno yanapungua.

Gundi tumia ile nyeupe ya seremala, supaglu inaacha ukungu mweupe kwenye kioo na inakula thermopol (lile povu jeupe la kufungashia vitu). Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini, nayo inaiyeyusha thermopol, na kama kuna mtoto mdogo nyumbani usiiweke kabisa. Juani usitundike, rangi zinapauka.

Kila mdudu mwandikie kikaratasi: mahali, tarehe, nani kaokota. Wangu wengi wameandikwa tu "Tanga, taa ya barazani" na tarehe, lakini nikisoma nakumbuka hadi mvua yenyewe.

Kila mwezi chungulia chini ya kila mdudu, ukiona unga unga kama wa mbao iliyoliwa, huyo analiwa ndani kwa ndani, mtoe, arudi friza wiki mbili nyingine.